Jogoo Katika Ua Mdogo



Anayelala Kadutu au Bagira, au kwenye miteremko ya Ibanda inayoshuka ziwani, hana haja ya saa ya ukutani. Usiku ungali mzito, jogoo mmoja aanza kuwika. Wa jirani amjibu. Kisha mlima mzima waitikia. Mama aamka kuwasha makaa, na wanaokwenda Misa ya asubuhi watafuta viatu vyao gizani. Mpaka hapo jogoo ni mtumishi mwema. Lakini jua likisha kutoka, mara nyingi habari hubadilika. Jogoo yule yule amrukia mtoto anayekwenda kuchota maji. Apigana na jogoo wa jirani mpaka damu itoke. Awang'oa majike manyoya ya mgongoni. Majirani wagombana juu ya ukuta, na mwisho mtu ashika kisu.

Kisu si dhambi. Jogoo anafaa chunguni pia. Lakini kabla ya kukishika yafaa tuulize: Kwa nini jogoo ni mgomvi? Ugomvi huo aliutoa wapi? Na je, yawezekana kumweka kwa amani katika nyua ndogo kama hizi zetu? Swali hili si la jana. Mtakatifu mmoja wa Afrika aliliuliza zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, kama tutakavyoona. Wala si swali la mchezo kwetu. Kuku wanne au watano nyuma ya nyumba ndio akiba ya jamaa nyingi mjini: ndio ada ya shule, ndio dawa ya mtoto anayeugua ghafula. Ua usio na amani haukuzi vifaranga, na ua usio na vifaranga hauna akiba.

Alikotoka

Kuku si mwenyeji wa Afrika. Babu yake ni kuku wa mwituni wa Asia, ndege mwenye manyoya mekundu anayeishi hata leo katika misitu ya nchi kama Thailand na India. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza kwamba mifupa ya zamani kabisa wanayoikubali kuwa ya kuku wa kufugwa ilipatikana Ban Non Wat, huko Thailand, nayo ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Wanadhani kwamba si watu waliomfuata kuku msituni, bali kuku ndiye aliyetoka msituni kufuata nafaka za mashambani. Alikuja kwa ajili ya chakula, akakaa.

Huko msituni jogoo hukaa na majike wachache katika eneo lake. Jogoo mwingine akiingia, watapigana. Lakini vita vya msituni huwa vifupi. Aliyeshindwa hukimbia, hupotea kichakani, na mshindi hana haja ya kumfuata mbali. Neno hili tulishike, maana ndilo ufunguo wa yote tutakayosema: msituni aliyeshindwa ana pa kukimbilia, uani hana.

Toka Asia kuku alisafiri polepole, mkono kwa mkono. Katika Bonde la Wafalme, huko Misri, kilipatikana kipande cha jiwe kilichochorwa jogoo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo. Mahali paitwapo Mezber, kaskazini ya Ethiopia, imechimbuliwa mifupa ya kuku ya miaka mia kadhaa kabla ya Kristo. Pwani ya Afrika ya Mashariki alizoea kusafiri na wafanya biashara wa Bahari ya Hindi. Bara nako alienea zamani, na majina yake yashuhudia: Mnyarwanda husema inkoko, Mganda enkoko, Mkikuyu nguku, Mswahili kuku. Ni ndugu wa jina moja walioachana safarini. Basi kuku alikuwa amekwisha kuwa mtu wa nyumbani katika nchi za maziwa kabla Mzungu wa kwanza hajaonekana.

Lakini si wote waliompokea kwa ajili ya mayai na nyama. Katika Ugiriki ya kale, Roma, India na Ulaya, watu walipenda kumtazama akipigana, wakaweka fedha juu ya damu yake. Uingereza ilikataza mchezo huo kwa sheria mwaka 1835. Wenye mchezo walifanya nini? Kila mara walimchagua jogoo mkali kuliko wote awe baba wa vifaranga, na wapole wakaenda chunguni. Vizazi vikapita. Hivyo ukali wa jogoo si wa msituni tu. Sehemu yake ni kazi ya mikono ya watu. Na kazi ya mikono ya watu, watu waweza kuitengeneza upya.

Majogoo wawili mbele ya mlango

Sasa twende kwa yule Mtakatifu. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mwaka 386 alikuwa Italia, mwalimu aliyeacha kazi yake, ameazimu kuwa Mkristu ila hajabatizwa bado. Akajitenga na mama yake Monika, mwanawe na rafiki zake katika shamba liitwalo Cassiciacum, karibu na mji wa Milano. Huko walizungumza siku nyingi juu ya jambo moja zito: kama Mungu ameweka mpango katika vitu vyote, mbona twaona ugomvi na fujo duniani?

Asubuhi moja walipokuwa wakienda kwenye nyumba ya kuogea, waliona majogoo wawili wakipigana vikali mbele ya mlango. Wakasimama kutazama. Augustino ameandika habari hiyo katika kitabu chake juu ya mpango wa Mungu: jinsi vichwa vilivyonyoshwa mbele, manyoya ya shingo yalivyosimama, jinsi walivyopiga na kukwepa kwa ustadi, halafu mshindi alivyowika kwa majivuno, na aliyeshindwa alivyojikokota, shingo imenyonyolewa, sauti imeharibika. Akauliza: Kwa nini majogoo wote hufanya hivi? Kwa nini hugombea utawala juu ya majike? Na sisi, mbona twafurahi kutazama? Hakusema kwamba ni fujo tupu. Alihisi kwamba hata ndani ya ugomvi ule, na hata katika ubaya wa yule aliyeshindwa, kulikuwa na mpango uliofichika.

Pasaka ya mwaka 387 Augustino alibatizwa na Ambrosio, Askofu wa Milano. Askofu huyo ndiye aliyetunga wimbo wa alfajiri ambamo jogoo ni mpiga mbiu wa mwanga, na wimbo huo ungali katika Sala ya Kanisa. Jogoo alikuwa tayari mtu wa Kanisa kwa sababu ya Petro. Wainjili wote wanne wamesimulia jinsi Petro alivyomkana Bwana kabla ya jogoo kuwika. Marko peke yake asema kwamba aliwika mara mbili. Baadaye Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa toka 590 hata 604, aliwafundisha wachungaji wamtazame jogoo: kabla ya kuwika hujipiga kwanza kwa mabawa yake mwenyewe. Na mhubiri ajiamshe mwenyewe kabla ya kuwaamsha wengine! Hata juu ya minara ya makanisa ya Ulaya jogoo alipandishwa. Jogoo wa shaba wa Askofu Ramperto wa Brescia, wa mwaka 820, amehifadhiwa mpaka leo.

Jibu lililochelewa

Swali la Augustino lilikaa muda mrefu. Jibu moja lilitoka mbali, katika nchi ya baridi ya Norway. Thorleif Schjelderup-Ebbe alianza kuwatazama kuku wa nyumbani kwao alipokuwa mtoto, akaandika katika daftari nani amemdonoa nani. Alipokuwa mtu mzima aliendelea, na mwaka 1922 alichapisha maarifa yake. Aliona kwamba kuku hawadonoani ovyo. Kila mmoja amjua yule anayeweza kumdonoa na yule asiyeweza kumgusa. Wa kwanza hula kwanza. Wa mwisho hungoja. Majike wana ngazi yao, na majogoo wana yao.

Hapo twaona jambo la ajabu. Ngazi hiyo hupatikana kwa ugomvi, lakini ikisha kupatikana huondoa ugomvi. Jicho moja latosha. Mdogo ageuza kichwa, na mambo yamekwisha. Ugomvi hurudi ngazi inapotikiswa: mgeni anapoingizwa, mkubwa anapoondolewa, mapora wanapokua, chakula au nafasi inapopungua. Wazee walijua nusu ya habari hii waliposema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Hata kuwika kuna ngazi. Wataalamu wa Nagoya, huko Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake. Hungoja alfajiri hata akiwekwa mahali pasipo na mwanga wa jua. Mwaka 2015 wakaonyesha kwamba, majogoo wakikaa pamoja, mkubwa wao huanza kuwika, na wengine hufuata kila mmoja kwa cheo chake.

Tusimwonee jogoo basi kwa kutaja makosa yake tu. Mwewe akipita angani hulia sauti moja. Mnyama akija kwa chini hulia nyingine, na majike huelewa tofauti. Akipata mdudu mnono huinua na kuangusha, akiita, mpaka jike aje ale. Ukali wake na ulinzi wake vyatoka katika moyo mmoja. Kazi yetu si kuuvunja moyo huo, bali kuuweka mahali pake.

Mji wetu wa ng'ombe na kuku

Turudi Bukavu. Wengi husema kwamba jina la mji latoka kwa nkafu, yaani ng'ombe, kwa lugha ya Washi. Wabelgiji waliuita Costermansville, na katika miaka ya 1950 jina la wenyeji likarudi. Siku zile palikuwa na nafasi. Tangu hapo vilima vimejaa. Vita vya vijijini vimewaleta watu maelfu kwa maelfu, na kiwanja kilichokuwa cha jamaa moja chakaliwa na jamaa nne. Ng'ombe hana tena mahali pa kulala katika nyua hizi. Kuku anapata.

Vita vimeingia mjini pia. Hatusahau mwaka 1996, Askofu wetu Mkuu Christophe Munzihirwa alipouawa tarehe 29 Oktoba. Hatusahau mwaka 2004, wala Februari 2025. Nyakati za namna hiyo, mwenye bunduki akiingia uani, mifugo huenda. Kondoo aweza kufichwa, na jike aweza kunyamaza chini ya kikapu. Jogoo hafichiki, maana akisikia mwenzake hana budi kujibu. Halafu, mambo yakipoa, mama aanza tena: anunua jike moja, aomba jogoo kwa jirani. Hivyo twaelewa kwa nini kuku mmoja aliyepotea kwa ugomvi wa uani ni hasara kubwa kuliko bei yake sokoni.

Tazameni sasa ua wenyewe. Hatua kumi kwa hatua nane, mabati pande zote, na nyuma ya mabati sauti ya jogoo mwingine mchana kutwa. Ndani yake mapora watatu wanaanza kuota miiba ya miguuni. Ni msitu uliokatwa miti yote na kufungwa mlango. Mshindi apo, aliyeshindwa yupo, na njia ya kutokea haipo. Hapo mshindi hupiga mpaka kuua, si kwa sababu ni mwovu, ila kwa sababu adui hajaondoka machoni pake.

Namna ya kumweka

Kutokana na hayo yote twapata mashauri machache yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, hesabu. Jogoo mmoja awatosha majike wanane mpaka kumi. Mwenye majike wanne na majogoo watatu ataona migongo ya majike haina manyoya, na mayai yatapungua. Mapora wakifikia miezi minne au mitano, wachaguliwe: mmoja abaki, wengine waende sokoni au mezani kabla ugomvi haujaanza.

Pili, tujue kwamba jike hutaga hata pasipo jogoo. Jogoo hutakiwa kwa vifaranga tu. Tena jike aliyekaa na jogoo aweza kutaga mayai yenye uhai muda wa siku kumi au zaidi baada ya jogoo kuondoka. Basi mwenye ua mdogo sana asione haya kuazima jogoo kwa juma moja na kumrudisha. Majirani watatu waweza kuwa na jogoo mmoja mwema, badala ya watatu wanaotukanana juu ya ukuta. Ila pawe na uangalifu: jogoo anayetembea aweza kutembeza mdondo, ugonjwa unaomaliza kundi zima kwa siku chache. Wote wapate chanjo, na mgeni mwenye dalili yoyote asiingie.

Tatu, mgeni wa kudumu asitupwe katikati ya wenyeji mchana. Akae kwanza peke yake muda wa majuma mawili, kisha siku chache katika tundu ambamo waweza kuonana bila kugusana. Mwisho awekwe kwenye kulalia usiku, wakati wote wametulia. Watadonoana asubuhi, lakini kidogo.

Nne, na hili ndilo kubwa: aliyeshindwa apewe njia. Sanduku bovu lililolazwa ubavu, kijiti cha kurukia juu, lundo la kuni pembeni, pazia la gunia katikati ya ua. Chochote kitakachomtoa machoni pa mshindi chatosha. Chakula kiwekwe mahali pawili au patatu, ili mkubwa asikilie vyote. Mabati yenye matundu yazibwe upande wa jirani, maana majogoo wasioonana hutulia upesi.

Tano, watoto. Jogoo hurukia juu, na uso wa mtoto mdogo u karibu na miiba yake. Jicho laweza kupotea. Watoto wasimchokoze jogoo, wala wasimlee kifaranga dume kama mwanasesere. Akizoea mno kuchezewa, akikua hatamwogopa mtu, atamwona kuwa jogoo mwenzake. Akimrukia mtu mzima, teke si dawa. Kwake teke ni jibu la vita, naye atarudi kesho na nguvu zaidi. Kukimbia nako ni kumpa ushindi. Simama, songa mbele polepole mpaka yeye apishe njia. Wengine humkamata bila hasira na kumbeba kwapani mpaka atulie. Miiba mirefu ikatwe ncha na kusuguliwa, pasipo kufika kwenye damu.

Sita, yule asiyesikia hata kidogo, anayerukia watoto siku kwa siku, huyo sasa kisu chake kimefika. Lakini zaidi ya hayo, mayai yake yasiatamiwe. Wenye mchezo wa zamani walimchagua mkali awe baba. Sisi tumchague mlinzi mpole, yule anayewaita majike kwenye chakula na kumwacha mtoto apite. Na jogoo huyo naye abadilishwe na wa mbali baada ya mwaka mmoja au miwili, asije akazaa na binti zake na kulidhoofisha kundi.

Neno la mwisho

Mapadri Weupe, walioleta Injili katika nchi yetu ya Kivu, ni shirika lililoanzishwa na Lavigerie huko Algeria mwaka 1868, katika nchi aliyozaliwa Augustino. Walituletea pia swali lake, ambalo mji wetu umekuwa na sababu nyingi za kuliuliza: mbona ugomvi katika dunia ya Mungu? Majogoo hawawezi kutujibia yote. Mtu si kuku. Yeye ana akili na dhamiri, na atahukumiwa kwa matendo yake. Lakini ua mdogo watufundisha neno moja la kweli. Amani haiji kwa kumpata mshindi tu. Mshindi daima yupo. Amani huja pale aliyeshindwa anapokuwa na mahali pa kusimama.

Petro naye alishindwa usiku ule, uani mwa Kuhani Mkuu, karibu na moto wa makaa. Jogoo akawika, naye akatoka nje akalia machozi. Lakini njia haikufungwa. Baada ya Ufufuko, penye moto mwingine wa makaa kando ya ziwa, Bwana alimwuliza mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kondoo zake. Kesho alfajiri, majogoo wa Kadutu wakianza, tusilalamike usingizi tu. Tumkumbuke Petro, kisha tukatazame uani kama yule pora aliyeshindwa jana amepata pa kujificha.